Jasho Lisiloandikwa



Hivi karibuni tulipitia madaftari ya jumuiya ndogondogo za Kikristo za hapa Kalangalala na mitaa inayopakana nayo. Shabaha yetu ilikuwa ndogo: kujua ni kaya ngapi zinazoishi kwa machimbo. Shabaha hiyo hatukuifikia, maana safu yenye kichwa “Kazi” ilikuwa imejaa maneno mawili yaliyorudiwa ukurasa baada ya ukurasa: “hana kazi”. Mama anayeamka saa kumi alfajiri, akachota maji, akawaandaa watoto kwenda shule, kisha akaenda kuponda mawe ya dhahabu mpaka jua linapotua, ameandikwa hana kazi. Kijana aliyeshinda miezi minne ndani ya duara ameandikwa hana kazi. Mwalimu ameandikwa mwalimu, na mlinzi wa mgodi mkubwa ameandikwa mfanyakazi wa mgodi. Walioandika hayo si watu wabaya. Ni makarani wetu, na mara nyingi waliandika kile walichoambiwa na wahusika wenyewe. Ukimwuliza mama yule anafanya kazi gani, hujibu kwa unyenyekevu kwamba yeye hana kazi, anahangaika tu.

Pengine mtu atasema kwamba hilo ni jambo la kalamu. La hasha. Kutokana na safu hiyo halmashauri hupanga michango. Kutokana nayo tunachagua wa kutunza mfuko wa jumuiya, kwani hatuwi wepesi wa kumkabidhi fedha mtu “asiye na kazi”. Na kutokana na mawazo yaliyoizaa safu hiyo yametoka mahubiri mengi tuliyoyasikia miaka hii, kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi, kwamba wametekwa na tamaa ya utajiri wa haraka. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeyasikia mahubiri hayo, na baadhi yetu tumeyatoa. Leo tunapenda kusema kwamba tulikosea. Katika nchi hii ya dhahabu kilichopungua si mapenzi ya kazi. Yamevunjika mapatano: mtu atokaye jasho hajui tena atalipwa nini, na nani, na lini.

Haikuwa hivyo daima. Kabla dhahabu haijatajwa, metali iliyoipa sifa nchi ya Geita na Buzinza ilikuwa chuma. Walongo walichimba mawe yake, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe; na majembe hayo yakasafiri mpaka Usukuma, yakalima, yakatolewa hata mahari. Kitu kilichotoka ardhini kilirudi ardhini kikiwa chombo cha kazi. Dhahabu haina tabia hiyo. Hakuna hata mmoja wetu anayeilimia wala kuipikia. Na katika kulima kwenyewe Wasukuma walikuwa na vikundi vya kulima kwa pamoja, ngoma ikipigwa na majembe yakinyanyuliwa kwa mpigo mmoja. Bugobogobo tunayoitazama leo siku za sherehe, hata tunapompokea askofu, ilizaliwa shambani. Aliyelimiwa aliwalisha waliomlimia, na kesho yake naye aliweka jembe begani akaenda kwa mwenzake. Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa peponi. Mtemi alilimiwa na watu ambao hawakuulizwa kama wanapenda, na mzigo wa mwanamke haukuwa mwepesi kuliko ulivyo sasa. Tunasema tu kwamba mtu aliyeinama kulima alijua atakula wapi jioni, na alijua zamu yake ya kulimiwa.

Kazi ya kulipwa fedha ilikuja na maneno yake, na maneno hayo ni mashahidi. Neno kibarua lilitokana na kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa huko Unguja katika karne ya 19, ili akionyeshe apate malipo. Na wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Baadaye, katika utawala wa kikoloni huku bara, ikaja kadi iliyoitwa kipande, yenye siku 30 za kutiwa alama. Kipande kisipoisha, mshahara haujafika. Wasukuma na Wanyamwezi wengi walikwenda kukata mkonge kwa utaratibu huo, wakaitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Ulikuwa utaratibu mkali, na hatuutamani. Hata hivyo, inauma kulisema hili, manamba alikuwa na kipande. Alidhulumiwa kwa maandishi, na maandishi yanaweza kusomwa. Kijana wetu wa machimboni hana hata hicho.

Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulianza mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966. Baada ya hapo wengi wa wazazi wetu waliishi kwa pamba. Pamba ilikuwa kazi ngumu yenye msimu wake, na kwa miaka mingi ilikuwa na chama cha ushirika ambacho mkulima aliweza kukilaumu kwa jina. Ushirika ulipodhoofika na kuchelewesha malipo, na soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, mkulima alibaki na mizani asiyoiamini na bei asiyoijua mpaka siku ya kuuza. Wapo wanaosema vijana waliikimbia jembe kwa sababu ya dhahabu. Wengi wao waliwaona baba zao wakirudi sokoni na fedha zisizotosha kulipa madawa ya pamba, ndipo wakaondoka.

Serikali nayo ilikuwa na fundisho lake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mwenye nguvu aishi kwa jasho lake mwenyewe, si kwa jasho la mwingine, na katika hilo Kanisa halina ugomvi nalo. Lakini ilipotungwa sheria ya nguvukazi mwaka 1983, mijini walikamatwa watu waliokuwa wakijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo, kwa kuwa hawakuwa na uthibitisho wa kazi inayotambulika. Waliitwa wazururaji huku mikononi mwao mna bidhaa. Kosa lililofanyika pale ndilo lile lile la daftari letu.

Sasa tuingie machimboni, maana ndiko waliko watoto wetu. Kijana huja kutoka Kahama, Sengerema, Bariadi au Kigoma, akapokelewa katika duara. Mwenye leseni ni mtu mmoja. Mwenye duara, yaani yule anayetoa fedha za kuchimbia, mara nyingi ni mtu mwingine. Chini yao wapo wachimbaji. Kijana hapewi mshahara. Anapewa chakula, pengine na fedha kidogo ya matumizi, pamoja na ahadi kwamba mawe yakitoka viroba vitagawanywa. Siku hiyo ikifika, mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye duara huchukua fungu lake pamoja na gharama zake za magogo, kamba, baruti na mafuta ya pampu, na kinachosalia hugawanywa kwa waliochimba. Gharama hizo huhesabiwa na mwenye duara, na si kila mwenye duara anayependa kuhesabu mbele ya watu. Tena huenda shimo likafika mbali sana chini bila kuonyesha kitu. Hapo hakuna anayedaiwa. Mwenye duara amepoteza fedha, nasi hatudharau hasara yake, kwani wengine waliuza ng'ombe. Lakini kijana amepoteza miezi ya uhai wake, na hakuna karatasi popote inayosema kwamba alikuwapo.

Wako makatekista, na hata mapadre, wanaosema mimbarini kwamba hiyo ni kamari wala si kazi. Tumebishana juu ya jambo hili kikao kizima. Mcheza kamari huweka fedha mezani akitumaini kupata bila kutoka jasho. Kijana huyu ametoa jasho lote. Kazi yake ni kazi kamili, tena nzito kuliko nyingi tulizo nazo sisi tunaomhukumu. Kilichogeuzwa kamari ni ujira wake.

Na ujira ukishageuzwa bahati, mengi hufuata. Hata usemi wetu umebadilika. Vijana wakikutana jioni huulizana kama wamepata, na aliyefanikiwa husemwa kwamba ametoboa, kana kwamba maisha ni mwamba na mwenye kupenya ni mmoja tu. Rashi ikitokea mahali, kijiji kizima huhama, na shule hubaki na madawati. Fedha iliyokuja kwa bahati hutumiwa kama ya bahati. Na watu huanza kuitafuta bahati yenyewe kwa waganga. Kanda yetu inakumbuka kwa aibu mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoenea kuanzia mwaka 2007, ambayo miongoni mwa vyanzo vyake zilitajwa imani potofu za kutafuta utajiri machimboni na ziwani. Hatusemi kwamba ujira usiojulikana ndio uliowaua watu wale. Aliyewaua ni muuaji, na aliyemtuma ni muuaji. Lakini tukitaka watu waache kununua bahati, yatupasa kuuliza kwa nini jasho pekee halitoshi tena kumpa mtu uhakika wa kesho.

Wengi wenu mnakumbuka habari za Nyangalata, wilayani Kahama. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa na udongo huko, na katikati ya Novemba watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, watu waliokuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wafu. Tulimshukuru Mungu, na ilikuwa haki kumshukuru. Lakini tangu siku hiyo baadhi yetu tumekuwa tukiuliza, kila tunaposikia kwamba duara limetitia, orodha ya walioingia asubuhi iko wapi. Mara nyingi jibu linalopatikana ni la kukisia. Huyu anasema walikuwa wanane, yule anasema kumi na moja. Mke amekuja kutoka kijijini na jina ambalo hakuna anayelijua, kwa sababu machimboni mumewe aliitwa kwa jina la utani.

Hapa ndipo inapotupasa kulinganisha. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la dhahabu, la kwanza la aina yake nchini. Dhahabu ikifika pale hupimwa, bei ya siku hujulikana, mrabaha wa Serikali hukatwa, na hati hutolewa. Ni jambo jema, na wachimbaji wengi wanakiri kwamba limewaepusha na walanguzi. Lakini tazameni: gramu moja ya dhahabu ina hati yake, na mtu aliyeitoa ardhini hana.

Kuhusu mgodi mkubwa, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2000, mengi yameandikwa. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti juu ya namna taifa lilivyokosa kunufaika ipasavyo na dhahabu yake, na sheria za madini zimebadilishwa tangu wakati huo, mwaka 2010 na tena mwaka 2017. Hatutarudia hayo. Kwa jambo letu yatosha kusema kwamba mashine moja hubeba kwa saa moja kile ambacho kikundi cha vijana kingebeba kwa siku nyingi, na kwamba ajira ya huko, yenye karatasi zake zote, ni ya wachache. Wengine walibaki wakiyatazama magwangala, yaani mawe yanayotupwa na mgodi, wakidai waruhusiwe kuyaokota; mwaka 2016 jambo hilo lilifika mpaka kwa Rais, akaagiza wapewe. Fikirini juu ya hilo: watu wazima wenye nguvu wakiomba kwa miaka ruhusa ya kufanyia kazi takataka.

Kwa bodaboda hatuna haja ya kukaa sana, ila kuna jambo moja la kujifunza. Kijana akichukua pikipiki kwa mkataba hupeleka hesabu kila siku kwa mwenye chombo, mpaka siku zilizopatanwa ziishe na chombo kiwe chake. Mkataba huo una ukatili wake, maana akiugua hesabu haiugui. Lakini una mwisho unaojulikana. Vijana wengi waliotoka machimboni wametuambia kwamba ndiyo maana waliupenda.

Kanisa limefundisha nini? Papa Leo XIII aliandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, na miaka 90 baadaye, mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II akaandika waraka mzima juu ya kazi ya binadamu. Humo anatufundisha kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na kitu kinachotengenezwa bali na anayeifanya, kwa kuwa yeye ni mtu. Na kwamba kazi ina nafasi ya mbele kuliko mtaji. Maandiko Matakatifu nayo hayasemi kwa kunong'ona. Kumbukumbu la Torati inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijazama. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio chake kimemfikia Bwana. Tena tunaposoma Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, sote hukimbilia mwisho wake, kwa waliolalamika. Tumesahau mwanzo: mwenye shamba alipatana na watu wa kwanza juu ya dinari moja kabla hawajaingia shambani. Mapatano yalitangulia kazi.

Na sisi wenyewe je? Hatuwezi kumwandikia mwenye duara kabla ya kujiandikia. Katika nyumba zetu waamini, wamo mabinti wa kazi walioletwa kutoka vijijini, wanaoitwa watoto wa nyumbani ili wasiulize mshahara. Wanalala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na mwaka ukiisha wanapewa kitenge na nauli. Vigango vyetu vimejengwa na mafundi ambao baadhi yao mpaka leo wanadai. Yuko pia katekista. Anafundisha, anazika, anaongoza ibada ya Jumapili pale padre asipofika, anatembea kwa miguu au kwa baiskeli yake mwenyewe, na posho yake hutegemea kilichobaki baada ya kila kitu kingine kulipwa. Akidai, anaambiwa kazi yake ni wito. Ni wito kweli. Lakini hatujapata kumwambia mwenye duka la saruji kwamba kuuza saruji kwa Kanisa ni wito. Katekista anayelipwa kwa masalio hatofautiani sana na kijana anayesubiri kiroba.

Tumekubaliana kuyaanza machache. Halmashauri ya walei ya kila parokia iandike mapatano na makatekista wake, hata kama fungu ni dogo, na fungu hilo litoke kabla ya mengine. WAWATA, ambao wanazijua nyumba kuliko sisi, wamekubali kuuliza habari za mabinti wa kazi, jumuiya kwa jumuiya. Waamini wenye maduara, na tunao wengi, wamo hata miongoni mwa wafadhili wetu wakubwa, tunawasihi wafungue daftari la shimo: majina kamili ya wanaoingia, siku waliyoanza, fungu walilopatana, gharama zikisomwa mbele ya wote. Hilo halihitaji wakili. Linahitaji daftari la shule na mtu anayejua kusoma. Juu ya watoto hatuna la kusihi: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, na mwamini anayewashusha watoto shimoni au kuwaoshesha mchanga kwa zebaki ajue kwamba tutamfuata.

Jambo moja limetushinda kukubaliana. Baadhi yetu wanaona kwamba mwenye duara aliyekataa kuwalipa wachimbaji wake, na jambo likathibitika, sadaka yake kubwa isipokelewe mpaka awalipe. Wengine wanasema altare si mahakama, na kwamba tukianza na wenye maduara itatubidi kufika kwa wenye maduka, wenye mashamba na wenye shule, mpaka kapu lirudi tupu. Hoja ya pili ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Tumeliacha mbele yenu. Halmashauri zilijadili na kutuletea maoni kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei.

Madaftari ya jumuiya yatarudishwa kwa wenyeviti baada ya Misa ya pili. Safu ya “Kazi” tumeifuta, na mahali pake tumeweka maswali matatu: anafanya nini, anafanya kwa nani au pamoja na nani, na wamepatana nini. Makarani watahitaji nafasi kubwa kuliko ile ya zamani. Ukurasa usipotosha, waendelee nyuma yake.